Hivi ni kweli matatizo yanamfungua mtu macho au tunajifariji tu?

#1 Mtafuta Njia
Habari zenu wakuu. Hili jambo linanizunguka kichwani muda mrefu, naomba tulijadili kwa utulivu.

Kuna kipindi mambo yangu yaliporomoka kwa mpigo. Kazi ikaisha, mchumba akaondoka, baba akalazwa, vyote vikafuatana hata sijamaliza kulia hili lile limeshaingia. Sitaki kueleza sana, najua humu wapo wenye makubwa kuliko hayo. Ninachotaka kusema ni kwamba nikijiangalia leo naona yule mimi wa zamani alikuwa anaishi macho yamefumbwa. Nilikuwa nasema ndiyo kwa kila mtu. Kazi niliifanya kwa sababu tu niliikuta. Marafiki kibao ila hata wazazi wao siwajui.

Usiku mmoja baba hali ilikuwa mbaya nikachukua daftari niandike majina ya watu ambao nikiwapigia saa nane za usiku watapokea na watakuja. Simu imejaa majina. Nikaandika, nikakata, nikaandika, nikakata, yakabaki majina matatu, na mmoja wao sikuwahi hata kumjulia hali tangu tumalize shule. Nilimpigia, akaja.

Leo najua nani wangu, najua kazi gani siifanyi tena hata nilipwe vipi, na naweza kumwambia mtu hapana bila kutetemeka. Raha haikuwahi kunifundisha hata kimoja katika hayo. Swali langu: ni matatizo yenyewe ndio yanayofungua macho, au kuna kitu kingine kinafanya kazi hapo sijakiona?

#2 Fundi Saa
Pole mkuu. Hapo kwenye majina matatu umenigusa sana. Mimi nilipougua wale niliokuwa nawabeba kila siku ndio walikuwa wa kwanza kuwa bize. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wahenga walishamaliza huu uzi zamani.

#3 Mwana wa Ibada
Asante kwa uzi. Jibu ni rahisi ndugu yangu, huo ulikuwa mtihani. Mtu akiwa na kila kitu anajiona yeye ndiye anayejishikilia, akinyang'anywa ndio anajua alikuwa ameshikiliwa na nani. Ayubu alipoteza mali, watoto na afya, na hata wale rafiki zake waliokuja kumfariji wakaishia kumlaumu. Kwa hiyo hata hilo la marafiki sio jipya. Matatizo hayaji bure, yanakuja na somo, kazi yako ni kulisoma.

#4 Nesi wa Zamu
Pole mkuu na hongera kwa kuvuka. Ila hapo uliposema uliyajua hayo ukiwa ndani ya matatizo mi nakataa, uliyajua ulipoanza kutoka.

Nafanya kazi wodini miaka mingi, kila zamu naona watu wakiwa kwenye saa mbaya kuliko zote za maisha yao. Unampa ndugu wa mgonjwa fomu ya ridhaa ya upasuaji, ukurasa mmoja tu, anaisoma, anaigeuza, anarudi mwanzo, anaisoma tena, afu anakuuliza nisaini wapi wakati kidole chake kiko palepale pa kusaini. Na huyo ni mtu msomi, nje ya pale anaongoza ofisi nzima. Ni mwili unafanya hivyo. Ukipata mshtuko homoni ya adrenalini inamwagika, ya kortisoli inafuata, amigdala, sehemu ndogo ya ubongo ambayo kazi yake ni kunusa hatari, inashika usukani, na ile sehemu ya mbele ya ubongo inayopanga na kupima mambo inazidiwa. Mwili unataka ukimbie au upigane, hautaki ukae utafakari maana ya maisha.

Maji yaliyokorogwa huoni chini mpaka yatulie. Kwa hiyo kinachofungua macho sio msukosuko, ni utulivu unaokuja baadaye mtu akishalala vizuri na mwili ukashuka. Watu wanalipa sifa tatizo wakati sifa ni za usingizi.

#5 Mtafuta Njia
Nesi nimekupata dada yangu ila mbona lile la majina niliandika usiku uleule, sijalala hata kidogo, na mpaka leo sijalibadilisha hata jina moja? Utulivu ulikuwa wapi hapo?

#6 Nesi wa Zamu
Hapo mkuu hatari ilikuwa inakutaka ujue nani atakuja, na ubongo kwenye hatari unajibu maswali ya namna hiyo haraka sana. Ila uliposema kazi gani huifanyi tena, hilo uliliamua usiku ule?

#7 Mtafuta Njia
Hapana, hilo lilikuja baadaye sana baba alipokuwa amesharudi nyumbani.

#8 Kisomo
Wakuu heshima kwenu. Niongeze kidogo upande wa vitabu maana hili watu wamelifanyia kazi. Kuna wanasaikolojia wawili wa Marekani, Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, wa Chuo Kikuu cha North Carolina pale Charlotte, ndio walilipa jambo hili jina la kukua baada ya kiwewe, yaani jeraha la moyo linaloachwa na janga. Mwaka 1996 walitoa dodoso la maswali 21 la kulipima, na majibu ya watu yakajikusanya kwenye maeneo matano: uhusiano na watu wengine, kuona njia mpya maishani, kujiona una nguvu, mambo ya kiroho, na kuuthamini uhai. Mtafuta Njia ukiangalia bandiko lako la kwanza umegusa karibu matatu bila kujua.

Sasa cha muhimu, hao jamaa hawakusema janga ndio linakuza. Walisema kinachokuza ni kule kuhangaika nalo. Mtu ana imani zake za msingi, kwamba dunia ina mpangilio, kwamba akitenda mema mabaya hayatamfika, janga linakuja linavunja zote, sasa inabidi akae ajenge upya. Kwenye kujenga ndio anakua. Asiyevunjikiwa hana cha kujenga. Kwa hiyo Nesi na mleta uzi wote mna haki kwa sehemu.

#9 Shaka Halali
Kisomo umeleta nusu ya habari. Hilo dodoso linamuuliza mtu mwenyewe kama amebadilika. Nani atakubali ameumia bure? Mwaka 2009 Patricia Frazier na wenzake walifanya kitu cha akili, walipima wanafunzi wa chuo mapema, wakasubiri wiki kadhaa, wakawapima tena, na katikati baadhi walikuwa wamepatwa na majanga. Yaani walikuwa na kipimo cha kabla na cha baada, sio hadithi ya baada tu. Wakakuta kile mtu anachosema amekua na kile kilichobadilika kweli kwenye vipimo kwa sehemu kubwa haviendani. Na zaidi, waliojiona wamekua sana ndio waliokuwa wanaongezeka uchungu.

Mi naona binadamu tunachukia maumivu yasiyo na maana kuliko maumivu yenyewe. Tunayatungia maana. Mleta uzi, usinichukie, lakini huyo wewe wa zamani unayemuona alikuwa kipofu, una uhakika alikuwa kipofu, au unamshusha ili wa leo aonekane amepanda?

#10 Fundi Saa
Shaka umeamka upande gani leo kaka 😂 mtu kaja na moyo wake mkononi we unamletea vipimo.

#11 Shaka Halali
Nimemjibu alichouliza. Kauliza kama tunajifariji.

#12 Mama Wawili
Nimesoma kimya ila nimeshindwa kuvumilia.

Mimi ni mjane. Mume wangu ndiye alikuwa anashika mambo yote ya malipo, mi sikuwahi hata kujua akaunti ziko wapi. Baada ya mazishi nikafungua droo yake nikakuta karatasi imekunjwa mara nne, mwandiko wake, ameorodhesha kila malipo ya nyumba na tarehe yake, na pembeni ya mstari wa ada za watoto ameweka alama ya nyota na kuandika usichelewe. Ile nyota alijiandikia mwenyewe. Nikaishika ile karatasi nikaanza kulipa kimoja kimoja. Sasa hivi najua kila kitu, nasaini peke yangu, naenda vikao vya shule peke yangu, naendesha gari usiku niliyekuwa naogopa hata mchana.

Watu wananiambia umekua, umekuwa chuma. Mi sikuomba kuwa chuma. Leo hii nikiambiwa nirudishiwe yeye na nirudi kuwa yule asiyejua akaunti iko wapi nakubali kabla hujamaliza sentensi. Kwa hiyo mnaposema janga linakuja na somo, mjue kuna mtu upande wa pili anasikia kwamba mume wake alikufa ili yeye ajifunze kulipa ada. Mwana wa Ibada sina ugomvi na wewe kaka, mimi pia nasali, ila hilo neno somo linaniumiza.

#13 Mwana wa Ibada
Pole sana mama yangu. Maneno yako nimeyasoma zaidi ya mara moja. Sikumaanisha kwamba mtu anachukuliwa ili mwingine afunzwe. Nilikuwa nawaza zaidi vile mtu anavyobaki na nani anapobaki peke yake. Mungu akutie nguvu wewe na watoto.

#14 Mama Wawili
Amina. Asante.

#15 Kisomo
Mama Wawili pole sana. Niseme kitu kimoja labda kitakusaidia hata kidogo. Tedeschi na Calhoun wenyewe wanasisitiza kwamba kukua hakuondoi uchungu, vyote vinakaa ndani ya mtu mmoja, na mtu anaweza kukua huku angetoa kila kitu jambo lile lisitokee. Hakuna mgongano hapo. Na kuna George Bonanno wa Chuo Kikuu cha Columbia ambaye amechunguza waliofiwa miaka mingi, yeye anasema njia ya kawaida kuliko zote sio kuvunjika wala sio kukua, ni mtu kuendelea na maisha yake, anaumia lakini anafanya kazi, analea, anacheka siku nyingine. Kwa hiyo asiyetoka na hekima yoyote mpya hana deni na mtu.

#16 Kaka Mkubwa
Hayo yote yanaelezwa na zile hatua tano za msiba, kukataa, hasira, kubembeleza, sonona, halafu kukubali. Mtafuta Njia yuko hatua ya tano anaona mwanga, Mama Wawili bado yuko ya pili. Akivuka atafika tu.

#17 Nesi wa Zamu
Kaka Mkubwa hapana, na hapa naomba nikusahihishe kwa sababu wodini hii kitu inaumiza watu. Zile hatua tano zilitoka kwa Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, na alizipata kwa kuongea na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wao wenyewe. Hakuwa anazungumzia waliofiwa, hilo lilikuja kutanuliwa baadaye. Na hazipandwi ngazi kwa ngazi. Mtu anaweza kukubali asubuhi akakataa jioni. Usimwambie mjane yuko hatua ya ngapi.

#18 Kaka Mkubwa
Sawa nesi nimekusikia. Mama Wawili niwie radhi.

#19 Dereva wa Usiku
Habari wanajamvi, naendesha malori safari ndefu kwa hiyo muda wa kufikiri ninao mwingi 😄 naona mnazunguka kwenye ubongo na roho wakati jambo lenyewe ni la wazi. Mtu akipoteza kazi anapata nini? Muda. Akiachwa anapata nini? Jioni zake zote. Akifilisika simu zinanyamaza. Yaani vitu vilivyokuwa vinamzibia vimeondolewa, sasa anaona. Sio tatizo limemfundisha wala Mungu hajamwandikia ubaoni wala amigdala, ni kelele tu zimepungua. Mimi nilijua sipendi biashara niliyokuwa naifanya nilipoanza kuendesha peke yangu usiku, sijapata janga lolote, nilipata ukimya. Mpe mtu ukimya huohuo bila janga uone kama hatafunguka macho.

#20 Binti Tulivu
Dereva hii komenti yako mi ndio naiona ya maana kuliko zote humu. Mimi baada ya kuachwa wiki za mwanzo nilikuwa najaza kila dakika, simu, tamthilia, kazi za ziada, sikukua chochote mwaka mzima. Nilianza kuelewa kilichotokea siku intaneti ilipokatika.

#21 Shaka Halali
Dereva una hoja ila haijibu ya Mama Wawili. Yeye hakupata ukimya, alipata kazi za watu wawili. Na bado alijifunza.

#22 Dereva wa Usiku
Kweli hapo sina jibu mkuu.

#23 Mama Wawili
Ukimya upo. Unaanza watoto wakishalala.

#24 Mwalimu Mstaafu
Wanangu salaam. Nimefundisha muda mrefu, nimeona watoto waliopitia shida wakawa watu wazima imara, na nimeona waliopitia shida hizohizo zikawamaliza. Kwa hiyo anayesema shida inakomaza na anayesema shida inaharibu wote wana mifano. Nadhani suala ni kipimo. Hans Selye, yule aliyelifanya neno msongo likaingia kwenye tiba, alianza na panya mwaka 1936, akaona mwili unapita hatua tatu, kwanza unashtuka, kisha unahimili, na ukiendelea kubanwa unachoka kabisa. Hiyo hatua ya katikati ndiyo watu wanaiita kukomaa. Ukimwondolea mzigo pale atasema umenijenga. Ukimwachia mzigo mpaka hatua ya tatu hakuna kujengwa.

Na kuna utafiti wa Mark Seery na wenzake wa mwaka 2010 uliowafuata Wamarekani zaidi ya 2,000 kwa miaka kadhaa. Waliopitia misukosuko mingi sana hali zao zilikuwa mbaya, hilo halishangazi, lakini na wale waliosema hawajawahi kupatwa na chochote nao hawakuwa vizuri kama wale waliopatwa na michache. Ndio maana nawaambia wazazi wasimwondolee mtoto kila jiwe njiani.

#25 Kaka Mkubwa
Mwalimu hapo kwenye wazazi umenena. Watoto wa siku hizi wakinyimwa chaja wanapata kiwewe 😂

#26 Binti Tulivu
Jamani tusianze watoto wa siku hizi. Kila kizazi kinasemwa hivyo na kila kizazi kinakuja kusema hivyo. Mwalimu mi nina swali, huo wa Seery unasema shida kidogo inasaidia, sasa nani anapima kidogo? Maana anayekuumiza ndiye huwa wa kwanza kusema nakukomaza. Mimi nililelewa hivyo, kila kipigo kilikuwa kwa faida yangu.

#27 Mwalimu Mstaafu
Mwanangu swali zuri na naliheshimu. Utafiti ule ulihesabu yaliyowapata watu, haukumpa mtu yeyote ruhusa ya kumpangia mwenzake mateso. Shida inayokuja yenyewe na mtoto ana mtu wa kumshika mkono ni tofauti na shida inayotoka kwa yule aliyepaswa kumshika mkono. Pole kwa ulichopitia.

#28 Binti Tulivu
Asante mwalimu. Hilo la mkono ndilo nilitaka lisemwe.

#29 Mchumi wa Moyo
Nimechelewa kuingia ila uzi mtamu. Kwa wanaopenda vipimo, mwaka 1967 Thomas Holmes na Richard Rahe walitengeneza orodha ya matukio 43 ya maisha na kila moja wakalipa alama kulingana na linavyomlazimu mtu kujipanga upya. La kwanza ni kufiwa na mtoto, alama 100. Cha kushangaza kuoa kumo, na likizo imo.

#30 Kisomo
Marekebisho madogo mkuu, ya 100 ni kufiwa na mwenza. Talaka 73, kufiwa na ndugu wa karibu 63. Kuoa 50, kufukuzwa kazi 47.

#31 Fundi Saa
Subiri kwanza. Kuoa kuna alama nyingi kuliko kufukuzwa kazi???

#32 Kaka Mkubwa
Fundi we si unaoa mwisho wa mwaka, jiandae kukua kiroho 😂😂

#33 Fundi Saa
Ngoja nimwonyeshe mwenzangu hii orodha, asije akasema hakuambiwa 😂 ila tukirudi kwenye mada, hii inaonyesha hata jambo la furaha linamtikisa mtu. Sasa kwa nini hatusikii mtu akisema harusi ilinifungua macho?

#34 Dereva wa Usiku
Wanasema, ila wanasema baada ya miaka mitano 😂

#35 Kisomo
Ila Fundi swali lako ni zito kuliko unavyodhani. Kama kinachokuza ni kule kulazimika kujipanga upya, basi kupata mtoto, kuhama nchi, kupanda cheo navyo vingekuza sawasawa. Na wapo wanaosema hivyo. Labda tofauti ni kwamba ukiwa na furaha hakuna anayekuuliza umejifunza nini.

#36 Shaka Halali
Hiyo ya mwisho naikubali. Mwenye msiba anadaiwa somo, mwenye harusi anadaiwa picha tu.

#37 Njia Panda
Samahani wakuu naomba niingilie. Nyie wengi mnaongea mmeshavuka, mimi niko katikati sasa hivi. Ndoa inavunjika na kazini nako presha, bosi amebadilika, silali, nikilala naamka saa tisa moyo unaenda mbio. Nimesoma uzi wote kuanzia juu natafuta hiyo picha safi mnayoisema siioni. Ninachokiona ni ukungu tu. Ila kuna kitu kimoja nakiona wazi kabisa, kwamba niache kazi. Barua nimeshaiandika iko kwenye simu. Hii ndio kufunguka macho au ni nini?

#38 Nesi wa Zamu
Njia Panda pole sana. Barua iache hapohapo kwenye simu. Simaanishi uamuzi ni mbaya, unaweza kuwa mzuri kabisa, ila mtu asiyelala akiona kitu kimoja wazi na vingine vyote ukungu mara nyingi anachokiona ni mlango wa kutokea tu. Usiku wa kwanza utakaolala vizuri uisome tena. Na hilo la kuamka saa tisa moyo unaenda mbio, kama linajirudia mwone daktari. Kusali na kutafakari haviizuii hospitali. Una mtu wa kuongea naye?

#39 Njia Panda
Dada yangu yupo ila simwambii yote.

#40 Nesi wa Zamu
Mwambie hata nusu. Na kama ikifika mahali unaona bora usiwepo kabisa, usisubiri kukuche, mwamshe yeye au nenda hospitali saa hiyohiyo.

#41 Njia Panda
Sijafika huko, asante. Nitamwambia.

#42 Mtafuta Njia
Njia Panda ndugu yangu, mimi kilichonisaidia ni kuandika. Sio kwa ajili ya kumwonyesha mtu. Unaandika kilichotokea na ulivyojisikia, bila kujali sarufi, ukimaliza unachana ukitaka.

#43 Kisomo
Hiyo ya kuandika imejaribiwa. James Pennebaker na Sandra Beall, 1986, wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walijisikia vibaya zaidi palepale baada ya kuandika, lakini miezi iliyofuata walienda kituo cha afya mara chache kuliko wengine. Kwa hiyo Njia Panda ukiandika ukaumia jioni ile usishtuke.

#44 Nesi wa Zamu
Ila kwa aliyepata mshtuko leo au jana asilazimishwe. Kulikuwa na mtindo wa kuwakusanya watu mara tu baada ya ajali na kuwaambia waeleze kila kitu kikao kimoja, tafiti zikaja kuonyesha haizuii kiwewe na kuna waliozidi kuumia. Mtu aongee akiwa tayari.

#45 Binti Tulivu
Na kuandika nako kuna mpaka. Mimi niliandika kitu kilekile daftari nzima, kwa nini aliniacha, kwa nini aliniacha. Ile haikuwa kutafakari, nilikuwa najichimba kidonda. Nilianza kupona nilipobadilisha swali, nikawa naandika kesho asubuhi nafanya nini.

#46 Njia Panda
Hilo swali la kesho asubuhi naweza kulijibu. La maisha siliwezi sasa hivi.

#47 Mwana wa Ibada
Hilo linatosha kabisa ndugu yangu. Tunakuombea.

#48 Shaka Halali
Njia Panda kila la heri, kwa dhati kabisa. Na wewe ndiye sababu nimekuwa mbishi humu. Mtu akiwa katikati akasoma kwamba wenzake walipata hekima, anaona hata kuteseka nako anashindwa. Ndio maana nataka tuwe waangalifu na hizi hadithi.

Mtafuta Njia nina pendekezo. Badala ya kujiuliza mwenyewe kama umekua, muulize mtu aliyekujua kabla na baada.

#49 Kisomo
Hilo nalo limefanyiwa tafiti Shaka, waliulizwa watu wa karibu, na kwa kiasi walithibitisha kile mhusika alichosema.

#50 Shaka Halali
Mtu wa karibu naye anataka kuamini mateso ya ndugu yake hayakupotea bure. Ila ni bora kuliko kujiuliza mwenyewe.

#51 Mtafuta Njia
Nimemuuliza mdogo wangu wa kike, nimemsomea na bandiko langu lote. Amenisikiliza mpaka mwisho afu akasema kusema hapana umejua kweli, ila kaka siku hizi huniulizi habari zangu, unaniuliza tu kama nina shida. Nikamuuliza tofauti iko wapi akasema zamani ulikuwa unapiga simu bila sababu.

Sijui niweke hili upande gani wakuu. Lile la majina matatu bado nalisimamia. Ila naona nimeanza kuwapima watu wote kwa saa nane za usiku, na wengine ni watu wa mchana tu na hawana ubaya wowote. Wengine mliowahi kuwauliza watu wenu walisemaje?

#52 Mama Wawili
Mkubwa wangu aliniambia sasa hivi mama unajibu haraka. Sikumuuliza kama ni vizuri au vibaya.

#53 Dereva wa Usiku
Mimi sijawahi kuuliza. Nikishusha mzigo kesho namuuliza mke wangu, nitaleta majibu.

#54 Kaka Mkubwa
Lete majibu yote, usituchujie 😂